Siku Ambayo Gaudensi Hakuitikia

Jana Jumapili, saa kumi na robo jioni kwa saa ya ukutani, ndipo Shangazi Skola alipofuta mikono kwenye khanga na kusema na yeye ana neno. Niliiona saa kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, na watu wakiwa wengi mimi huwa naangalia saa ili nisiangalie nyuso zao.

Kwetu Matiri bado tuna sengu. Siku ya sengu wanaume wa ukoo wanakula pamoja uani kwa mkubwa wao, wanawake wanaleta ugali na mboga kila mmoja kutoka jikoni kwake, na watu wakishashiba ndipo mambo ya nyumba zote yanapowekwa wazi. Tangu babu afariki, sengu inakaa kwetu, kwa baba. Wanawake hawakai hapo, wanaleta chakula na kuondoka. Lakini Shangazi Skola ni dada mkubwa wa baba, aliolewa kule chini ziwani, Lituhi, na akipanda mlima na mfuko wake wa dagaa hakuna wa kumwambia arudi jikoni. Zamani baba mdogo alijaribu. Alimwambia, "Dada, huku ni kwa wanaume." Shangazi akamjibu, "Ndiyo, nimekuja kuwaona. Wako wapi?" Tangu hapo anasogezewa kigoda.

Shauri la jana lilikuwa la kaka Ditram. Kaka alimaliza mafunzo ya jeshi la kujenga taifa mwaka juzi, na tangu hapo analinda duka la mtu Songea, usiku, kwa rungu. Wiki tatu sasa yuko nyumbani kwa ruhusa, maana huko Songea amekutana na wakala anayetafuta vijana waliofundishwa bunduki. Si kwa jeshi la nchi yoyote. Ni kampuni ya watu binafsi, inawapeleka Iraki kulinda magari ya mizigo na mageti ya kambi, na mshahara ni dola. Ila nauli, pasi ya kusafiria na kitu wanachokiita gharama za ofisi unajilipia mwenyewe kwanza. Pesa hiyo hatuna. Tulichonacho ni kahawa, na kahawa yenyewe bado ya kijani. Kwa hiyo baba alikuwa ameongea na Bwana Kayombo, mtu wa magoma. Magoma ndiyo ile biashara ya kununua kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei anayotaka mnunuzi, na ukivuna unampelekea yote. Bwana Kayombo angekuja na pikipiki yake Jumatatu asubuhi, pesa mkononi.

Na mimi niseme ukweli, maana hapa kwenye daftari hakuna anayenisikia. Nilitaka kaka aende. Ameniahidi akianza kupokea dola atanihamishia shule ya masista, yenye bweni na umeme wa kusomea. Baba naye amekuwa mtu wa dola kabla hata hajaishika. Kila jioni redio ikisoma viwango vya kubadilisha fedha anainua kidole tunyamaze wote, kama wengine wanavyofanya kwa mpira. "Imepanda!" anasema. Mpango wao na kaka ni kwamba dola zikija hazitabadilishwa haraka. Zitakaa. Shilingi itaendelea kushuka, na wao watakwenda kwenye duka la kubadilishia fedha siku watakayoona inafaa. Na mimi jikoni nikisikia "imepanda" nilikuwa nafurahi kimyakimya, naona kitanda changu cha bweni kimetandikwa.

Sengu nzima ilikuwa imeshakubali. Baba mdogo alikuwa ameshaagiza simu ya mkononi, tena yenye kamera. Ndipo Shangazi aliposema, "Ditram, mwanangu, sogea. Sikukatazi. Nataka tu nikupe kitu cha kwenda nacho."

"Dada," baba akasema, "kama ni dagaa, kwenye ndege hawakubali. Watashuka abiria wote."

Watu wakacheka, hata Shangazi akacheka. Halafu akaanza. Naandika alivyosema mwenyewe, nilivyoweza kushika.

*

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa sikio kuliko kwa jicho. Ilikuwa Lituhi, uani kwa mama mkwe wangu, nami ni mwanamke kijana, mtoto wangu wa kwanza yuko mgongoni. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa imefungua milango. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, mara mitumba ikaingia, madukani kukawa na kila kitu, ila pesa yetu ikawa haina nguvu. Unalala na shilingi, unaamka imekonda. Sisi wa ziwani tuliliona hilo mapema kuliko ninyi wa mlimani, maana ng'ambo yetu ni Malawi, na kwacha tulikuwa tunaishika kila siku kwa biashara ya samaki na sukari.

Mume wangu Gaudensi, Mungu amrehemu, alikuwa amepitia mgambo, bunduki anaijua. Wakati huo Msumbiji walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na kulikuwa na kampuni za watu binafsi zinatengeneza reli kule ndani, zinataka walinzi. Mtu mmoja akaja Lituhi akaandikisha vijana. Gaudensi akavuka ziwa, akapita Malawi, akaenda. Si kwamba alipenda vita. Mtu yule alikuwa hawezi kumchinja kuku bila kuangalia pembeni. Alikwenda kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na mimi nilikuwa nimemsema juu ya nyasi hizo masika nzima. Kwa hiyo usinione naongea hapa ukadhani namlaumu marehemu. Mzigo wake niliufunga mimi.

Akija likizo analeta kwacha, naziweka chini kabisa ya gunia la makopa ya muhogo. Wafanyabiashara wakajua ninazo, wakawa wanapita kwangu kubadilisha kabla ya kuvuka. Nami nikawa mjanja. Mtu akija leo namwambia sina, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo shilingi imeshuka, kwacha zilezile zinanipa zaidi. Hakuna aliyenifundisha, mwanangu. Kitu hicho kinaingia chenyewe, kama homa. Nikafika mahali redio ikisema shilingi imeshuka, mimi natabasamu.

(Hapo Shangazi hakumwangalia baba, lakini baba aliangalia chini. Na mimi niliangalia ndani ya jagi.)

Sasa siku hiyo. Gaudensi yuko likizo, na jumuiya inasali kwetu. Mnajua jumuiya inavyokwenda. Mnasoma Injili, halafu kila mwenye ombi analitoa, na wote mnaitikia, Ee Bwana, twakuomba utusikie. Gaudensi alikuwa mtu wa besi kwenye kwaya. Si besi ya mchezo. Akiitikia, watoto waliolala wanashtuka. Mtu akipita njiani hana haja ya kuuliza kama Gaudensi amekuja likizo.

Na kwa mama mkwe kulikuwa na mgeni, Mama Laurinda, amekimbia vita hiyohiyo ya Msumbiji. Alifika ufukweni kwa mtumbwi na watoto wawili na sufuria. Kinyasa chake na cha pale Lituhi ni kimoja, maana ni watu wa ziwa lilelile. Alikuwa anachota maji na mama mkwe, anapalilia naye muhogo, na analala kwenye kile chumba alicholala Gaudensi alipokuwa mvulana. Ombi lake lilikuwa lilelile kila wiki, na siku hiyo pia akalitoa: Bwana, vita iishe, nirudi nikaone kama mama yangu bado yupo.

Watu wakaitikia. Besi haikuwepo.

Mwanangu, ilikuwa kama unatwanga na mwenzako kinu kimoja, ghafla mchi wake haushuki. Nikamtazama. Mdomo umefunguka, sauti haitoki. Na mimi niliyemtazama, ndipo nikatambua kwamba mdomo wangu nao ulitikisika tu. Kuta zetu za tofali zilikuwa zimesimama, bati bado. Vita ikiisha mwezi ule, bati linatoka wapi? Hicho ndicho kilichotushika koo, yeye na mimi, na hatukuwa tumeambiana.

Watu walipoondoka mama mkwe akabaki amekaa. Akavuta ungo wa muhogo, akaanza kumenya. Akasema bila kuinua kichwa:

"Gaudensi, leo besi imekwenda wapi?"

"Koo, mama. Limekauka."

"Koo au mkataba?"

Gaudensi akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Mama nawe."

"Nauliza tu. Huyu mwanamke analala kitandani kwako. Akirudi kwao, mshahara wako umekwisha. Mshahara wako ukiendelea, yeye kwao haendi. Sasa Mungu amsikilize nani kati yenu? Anapata tabu huko juu."

Halafu akanigeukia. Na mimi nilidhani nimepona.

"Na wewe, mwanangu. Jana ulimwambia yule wa sukari kwamba shilingi itashuka tena, mkacheka. Ikishuka, anashuka nani? Baba yako yuko Matiri. Kahawa amepeleka ushirika, malipo ya pili anayangoja mpaka miezi ipite. Yakija yatakuja na shilingi ipi? Ulikuwa unamcheka baba yako, ila hukujua kama ni yeye."

Hakupandisha sauti. Maganda yanaanguka, anaongea. Akasema nyumba ya nyasi inavuja, anajua, na yeye analala humohumo. Na kwamba yeye hatukatazi kutafuta. "Ila angalieni," akasema, "mmeanza kuomba nini."

Gaudensi alirudi kazini, maana mkataba ulikuwa haujaisha. Alikuwa na mwenzake wa Lipingo, kijana mdogo kuliko wewe. Gari lao likashambuliwa njiani, yule wa Lipingo akafa. Hapo ndipo mume wangu alipoona tofauti ya askari na mtu wa kukodiwa. Askari akifa, nchi yake inamjua, kuna wa kumbeba na kuna wa kuwaambia wazazi. Huyu, Gaudensi alipokwenda kuuliza ofisini, walimwambia kijana aliandikwa na mtu mwingine, si wao. Huyo mtu mwingine hakuonekana tena. Kwa hiyo ni Gaudensi aliyekwenda Lipingo kukaa mbele ya baba na mama wa mtu na kusema. Alipotoka hapo hakurudi Msumbiji.

Kwacha zangu zilizobaki nilizishikilia, nangoja zipande zaidi. Zikashuka nazo. Bati letu lilikuja miaka mingi baadaye, kwa dagaa. Na besi yake iliendelea mpaka tunamzika, lakini aliniambia kila ombi la amani likitajwa alikuwa anajisikiliza kwanza, kuhakikisha inayotoka ni sauti yake.

*

Hapo Shangazi aliniomba maji ya kunywa. Baba mdogo peke yake alikuwa anatafuna mfupa.

Kaka Ditram alikuwa amekaa ameshika magoti. Si mtu wa kubishana na wakubwa, lakini alisema. "Shangazi, naomba nikuulize. Hapa nalinda duka, kule nitalinda magari ya chakula na dawa. Kulinda si kulinda?"

"Ni kulinda. Na Gaudensi alilinda mafundi wa reli, wapo waliorudi kwa watoto wao kwa sababu yake. Silidharau hilo. Lakini niambie, yule mwenye duka wako, akienda kulala anaomba nini?"

"Kuche salama."

"Na wewe na rungu lako?"

"Kuche salama."

"Basi mnaomba kitu kimoja. Huko unakokwenda, mwenye nchi anaomba yaishe. Wewe utaomba nini?"

"Ataomba simu yangu ifike," baba mdogo akasema.

Alicheka mwenyewe. Kaka hakucheka. Akauliza kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, "Na ada ya Oliva?"

Wote wakageuka kunitazama mimi. Sijui ni nani aliyevumbua kutazamana. Jagi likainama lenyewe, maji yakamwagikia miguu ya baba mdogo, akaruka kama kuku. Nilitaka ardhi inifiche. Shangazi alinitazama muda mrefu, na macho yake hayakuwa ya kulaumu, ndiyo maana yaliniuma.

"Hilo ni swali la mtu mzima," akamwambia kaka. "Na jibu lake sina. Ningekuwa na pesa ningetoa. Nina dagaa." Halafu akavuta kigoda mbele.

"Nasema hivi, na ninyi wengine sikieni. Ukipewa kazi, kabla hujauliza mshahara, uliza nani atakuwa analia ili wewe uendelee kulipwa. Kama hakuna, nenda, hata kama ni mwisho wa dunia. Kama yupo, usimfiche moyoni kwa jina la kampuni. Mfikirie uso, mfikirie sufuria yake, halafu ndiyo uamue. Kuweka dola si dhambi, hata paroko anaziweka. Lakini siku ukijikuta unashangilia pesa ya nyumbani kwenu imeanguka, ujue umemshangilia baba yako ameanguka na kahawa yake kichwani. Na kama utakwenda, Ditram, mimi sikufungi miguu, uwe unajisikiliza. Asubuhi utakayoamka ukaona unaiogopa amani, funga begi urudi. Usingoje mkataba uishe. Ukiungoja utarudi, ila atakayerudi si wewe. Na kahawa ya kijani iacheni mtini. Mama yenu ataichuma, ataimenya, ataianika, halafu jasho lote aligawe kwa mtu wa pikipiki? Kwa kosa gani?"

Akamwekea kaka mkono kichwani. Mkono wenyewe ulikuwa bado unanuka dagaa.

"Mungu akupe riziki ambayo ukiiomba iongezeke, hakuna nyumba nyingine inayopungukiwa. Popote utakapokanyaga akurudishe na sauti yako. Na kama ameufunga mlango huu, akuonyeshe mwingine kabla hujachoka kugonga. Na huyu binti anayemwaga maji, ampe shule, ajuaye ni Yeye."

Wakaitikia amina. Ya kaka ilikuja mwisho, taratibu.

Nilipokuwa naosha vyombo nilijaribu kumfikiria msichana mmoja wa huko Iraki, aliye kidato cha tatu kama mimi. Sijui wanaitwaje. Nikampa jina la Mariamu kwa sababu jina hilo liko kila mahali. Nikamfikiria anafuta vumbi daftari lake, anamwomba Mungu magari yenye bunduki yaondoke mtaani kwao. Na mimi Matiri naomba yakae, angalau mpaka nimalize kidato cha nne. Sitaki kuandika kwamba nililia, kwa sababu sikulia. Kile kitanda bado nakitaka. Ila nilisugua sufuria moja mpaka mama akaniuliza kama nataka kuitoboa.

Leo asubuhi nilipoamka kaka alikuwa ameshatoka na panga. Mama alisema ameacha maneno mafupi: kahawa msiiguse kwa ajili yangu. Hakusema kwamba Iraki haendi, wala hakusema anakwenda. Alikwenda kufyeka nyasi za ngolo, yale mashimo yetu ya kupandia huku mlimani. Mwanaume akishafyeka na kupanga nyasi, ndipo sisi wanawake tunachimba na kufunika. Tulikuwa tumeshachelewa, kwa sababu wiki tatu hizi mwenye kufyeka alikuwa anawaza ndege.

Pikipiki ya Bwana Kayombo ilisikika tangu kule mtoni. Baba alikuwa amesimama uani, anaangalia huku na huku.

"Oliva," akasema, "mwambie nimekwenda Mbinga. Nitarudi kesho. Au keshokutwa." Akaingia kwenye migomba.

Shangazi alikuwa mlango wa jikoni, anachambua dagaa kwenye ungo. Aliyaona yote. Nilimwangalia anisaidie, akaendelea kuchambua.

Bwana Kayombo akazima pikipiki. Ni mtu mnene, mchangamfu, ana koti la ngozi hata kukiwa na jua.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Baba yuko?"

Nilifungua mdomo na Mbinga ikiwa tayari kwenye ulimi. Ikatoka nyingine.

"Yuko kwenye migomba. Anaona aibu. Kahawa ya kijani hatuuzi."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea. "Kumbe wewe binti una sauti? Miaka yote hii nilijua bubu." Akacheka mpaka koti likapanda, akapaza sauti kuelekea migombani, "Baba Ditram! Toka bwana, migomba yenyewe haina majani ya kukuficha!"

Baba akatoka na jani moja mkononi. "Aa, Kayombo! Umefika? Nilikuwa nakata majani ya mbuzi."

"Mna mbuzi?"

"Tutanunua."

Kutoka jikoni nilimsikia Shangazi anakohoa kwa muda mrefu. Halafu Bwana Kayombo akaacha kucheka. Si mtu mbaya, nadhani. Alimwuliza baba kwa upole kabisa, "Na ile safari ya kijana? Yule wakala hangoji mtu." Baba akanitazama, kama vile nimeanza kazi na inabidi niimalize. Kwa hiyo Bwana Kayombo naye akanigeukia.

"Haya, msemaji wa familia. Dola za kaka yako je? Na ile shule ya masista? Baba yako aliniambia, anakusifu kila akija kilabuni. Anasema una kichwa."

Nilikuwa sijui kwamba baba ananisema kwa watu. Ilinijia yote pamoja, sifa hizo, kitanda, umeme wa kusomea, na nikajua nikijibu sasa, mwaka kesho niko hapahapa Matiri na koroboi yangu. Nilimtazama usoni, si saa.

"Kaka anafyeka," nikasema.

Nikaingia ndani kuvaa sare ya shule.